Nyanya nne buku

Wiki hii mtaani kwetu nyanya nne ni buku. Na sio nyanya za kuringia, ni zile ndogo za saizi ya ndimu, alafu moja kati ya hizo nne ina doa jeusi kitakoni, ukifika nyumbani unakata unatupa nusu. Mwezi wa nane mwaka jana kwa buku hiyo hiyo ulikuwa unajaziwa mafungu mawili na nyongeza juu. Ukimuuliza mama genge anakujibu "mzigo umekata mwanangu, huko mvua". Basi, taarifa imeisha. Huko ni wapi, mvua imefanya nini, nani kapoteza nini, hakuna anaeuliza, tunalipa tunaondoka huku tunalaumu serikali au madalali au wote kwa mpigo.

Mi hiyo "huko" imenikaa kichwani siku nyingi kwahiyo leo naiandika, ikiwa ndefu mtanivumilia. Watu wa Dar tukisikia mabadiliko ya tabianchi tunawaza Jangwani imejaa maji, mwendokasi imesimama, foleni mpaka Magomeni, na lile joto la Februari linalokulaza sakafuni. Ni kweli yote. Ila kwa mfuko wako mvua inayokugusa zaidi ni ile iliyonyesha, au iliyogoma, kilomita mia nne mia tano kutoka hapa, miezi kadhaa nyuma, kwenye shamba la mtu ambae hutakaa umjue.

Tuanze na hiyo hiyo nyanya. Nyanya nyingi ya Dar haitoki Dar. Inatoka Ilula kule Kilolo mkoani Iringa, inatoka Mgeta juu Uluguru, inatoka Dumila, inatoka Lushoto. Ile ya Ilula inapakiwa kwenye fuso jioni, inashuka Kitonga, inakatiza Mikumi usiku, Morogoro, Chalinze, alfajiri ipo Ilala au Mabibo inashushwa matenga. Wale vijana wanaoshusha pale wanaijua nchi hii kuliko wabunge wengi, ukiwauliza wanakwambia huu mzigo wa bondeni, huu wa mlimani, huu umelowa njiani usiununue kama unataka ukae siku tatu.

Sasa mvua ikizidi kule kinachotokea ni ukungu, ule wa bakajani. Unaanza na madoa ya kahawia kwenye majani ya chini, mkulima anasema kesho napiga dawa, kesho mvua inanyesha kutwa, na dawa ya ukungu inataka jani likauke ndo ishike, ukipiga mvua ikaja nusu saa baadae umeosha hela yako. Unapiga tena. Mvua tena. Ndani ya siku chache shamba zima limekauka kama limebabuliwa na moto. Anaebahatika kuvuna anavuna pungufu na gharama ya dawa imeenda mara mbili tatu, unategemea akuuzie bei gani?

Na lile doa jeusi la kitakoni nalo lina habari yake. Wakulima wanaita kuoza kitako, na mara nyingi sio mdudu wala ukungu, ni mmea kupata maji kwa kushtukiza, siku kumi kavu kabisa alafu siku mbili gharika, mizizi inashindwa kupeleka kalsiamu kwenye tunda na upande wa chini unakufa. Yani ukiishika ile nyanya mkononi umeshika rekodi ya mvua ya huko ilikotoka, ndo unaikata na kisu unatupa.

Kiangazi nacho kina yake. Nyanya usiku ukibaki wa moto maua yanapukutika kabla hayajashika tunda. Alafu kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia Tanzania 2014, funza wake anatoboa jani, anatoboa tunda, na kwenye joto anazaliana haraka, vizazi juu ya vizazi ndani ya msimu mmoja. Mkulima wa nyanya sa hivi anapigana na ukungu masika na kantangaze kiangazi, katikati hapo sijui analala saa ngapi.

Niseme ukweli ila, nyanya kupanda bei masika sio jambo jipya, mama zetu walikuwa wanalijua na ndo maana walikuwa wanapika mchuzi wa ukwaju na wa maembe mabichi bila kulalamika. Kipya ni kwamba ratiba imevurugika. Zamani ulijua mwezi wa nne nyanya juu, mwezi wa nane nyanya chini, unajipanga. Sa hivi inaweza kupanda Desemba, ikashuka Machi, ikapanda tena, na mkulima hajui apande lini na mama genge hajui anunue tenga au nusu tenga.

Kuhusu ratiba, kwa wasiofuatilia: sisi pwani tuna mvua mbili, vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei. Wenzetu wa Iringa, Mbeya, Ruvuma, Rukwa, Dodoma wana msimu mmoja mrefu unaoanza karibu na Novemba unaisha Aprili hivi. Ugali wa Dar unategemea sana huo msimu mmoja wa huko juu, mhogo na kunde vinategemea hizi mbili za kwetu. Na vuli ndo imekuwa kichaa zaidi. Sababu kubwa ipo baharini. Bahari ya Hindi upande wetu huu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inamwagika mpaka basi. Ikigeuka, upande wa kule ukawa na joto na wetu ukapoa, vuli inakata. Hilo limekuwepo miaka yote, na El Nino, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalotuletea mvua nyingi, ilikuwepo, wazee wanaikumbuka ya 97/98. Kilichobadilika ni kwamba bahari na hewa vyote vimepata joto, na hewa ikipata joto inabeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, kwahiyo ikiamua kunyesha inanyesha kwa hasira, na ikiamua kukausha inakausha haraka.

Angalia tulipopita. Vuli ya 2021 mbovu, ya 2022 mbovu, Oktoba 2022 Mto Ruvu unaotupa maji Dar ukashuka mpaka jiji zima tukaingia mgao wa maji, watu wa ghorofa wanapandisha madumu kwa ngazi. Mwisho wa 2023 ikaja El Nino, tarehe 3 Desemba tope likaporomoka Hanang pale Katesh likaua watu zaidi ya 80. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, analiambia Bunge watu 155 wamekufa kwa mvua hizo na zaidi ya 200,000 wameathirika. Mei kimbunga Hidaya kikaja usawa wa Mafia, barabara ya Kusini ikakatika Somanga, Lindi na Mtwara hakuingii gari wala halitoki kutokea Dar. Ndani ya miezi kumi na nane tumetoka kutafuta maji kwa madumu mpaka kuyakimbia. Mkulima wa kawaida mwenye ekari mbili na jembe anajipangaje hapo?

Mjomba wangu analima Mkuranga, sio mbali, ukitoka Mbagala unanyoosha tu. Nikimpigia nikashamaliza shikamoo na yeye kashaitikia "marahaba mjomba", swali linalofuata kutoka kwake siku zote ni huko mjini imenyesha? Siku moja nikamwambia mjomba mbona mwaka huu mvua naona ipo, akacheka. "Mvua ipo mjomba, tatizo inanyesha yote Jumanne."

Sijawahi kusikia mtaalamu akaeleza vizuri hivyo. Kwenye karatasi ya mwezi mvua inaonekana wastani, milimita zimetimia, ila shamba halili wastani. Vuli moja mjomba alipanda mahindi mvua za mwanzo, yakatoka vizuri kabisa, akapalilia, akaweka mbolea ile ya ruzuku, mahindi yamesimama kifuani. Yakatoa mbelewele, na hapo hapo mvua ikakata. Kwa wasiolima, mbelewele ndo ule ua wa juu wa dume, chavua inatakiwa idondoke kwenye zile nyuzi za hindi zikiwa mbichi, na hiyo kazi inachukua siku chache tu. Jua lilipowaka nyuzi zikakauka kabla ya wakati. Asubuhi ukienda majani yamejikunja, saa nane mchana shamba zima limelegea, jioni yanajinyoosha kidogo unapata matumaini ya bure. Alafu mvua ikarudi nzito, mahindi yakawa kijani ya kupendeza, mtu akipita barabarani anasema mzee mwaka huu umeula. Ulipomenya hindi ndani mapengo matupu, punje upande mmoja upande wa pili gunzi. Aliyavuna akalishia kuku.

Na hapo ni baada ya kurudishia mbegu mara moja, maana mvua ya kwanza kabisa ilimdanganya, akapanda, ikakata, mbegu zikaliwa na panya na kanga. Kurudishia ni kununua mbegu upya na kulipa vibarua upya. Hii hasara haionekani kwenye takwimu yoyote, inaonekana kwa mjomba kuuza mbuzi.

Ripoti ya 2022 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inasema ukuaji wa tija ya kilimo Afrika umepungua kwa asilimia 34 tangu 1961 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, kuliko kanda nyingine yoyote duniani. Nikiisoma hiyo namuona mjomba na kuku wake.

Rufiji nayo. Watu wengi Dar wanadhani mafuriko Rufiji ni msiba tu, kumbe wenyeji wameishi na mafuriko vizazi na vizazi, maji yanapanda yanaacha udongo mweusi yanashuka, na maji yakishashuka wanalima mlau, kilimo cha unyevu wa mafuriko, mahindi na kunde na maboga yanaota bila mvua hata tone. Yani mafuriko ya kiasi ndo yalikuwa mbolea yao na umwagiliaji wao. Ya Aprili 2024 hayakuwa ya kiasi. Yalikaa, yakafunika mpunga, yakafunika nyumba, Rufiji na Kibiti. Watu walibishana sana kama Bwawa la Nyerere, lile la umeme huko juu ya mto, lilizidisha au lilipunguza, serikali ikisema lilipunguza, mi hapo siingii, najua tu mpunga uliokaa chini ya maji wiki kadhaa hauvunwi. Na kule chini kabisa kwenye delta maji ya chumvi yanapanda mashambani, mpunga hauna ubishi na chumvi, unakufa.

Mchele sasa. Mnakumbuka mwisho wa 2022 kuingia 2023, kilo ilivuka elfu tatu, mama ntilie wakapunguza sahani na kuongeza mchuzi? Hapo ukame wetu ulikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa ukame wa jirani, Pembe ya Afrika na kaskazini ya Kenya walikosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, wanunuzi wakawa wanakuja mpaka shambani huku na hela mkononi. Na mkulima akipata mteja mwenye hela nzuri sioni kwanini anyimwe ati kwa sababu sisi wa Sinza tunataka wali wa bei rahisi, hapo huwa nagombana na watu. Kwahiyo ng'ombe wanakufa Marsabit kule Kenya, bei inachangamka sokoni Tandale. Hifadhi ya chakula ya taifa, NFRA, ikabidi itoe mahindi iuze kwa bei ya chini kupoza makali.

Kuna kitu kimoja cha mjini kabisa nacho, mchicha. Huu ndo wa kwetu, sehemu kubwa ya mboga za majani tunazokula Dar zinalimwa hapa hapa, bonde la Msimbazi, kandokando ya mito midogo, viwanja visivyojengwa vya Bunju, Chanika, Kigamboni, chini ya nguzo za umeme. Mchicha unavunwa wiki ya tatu ya nne hivi, kwahiyo unajibu haraka kuliko mazao mengi. Mvua kubwa ikinyesha usiku mmoja matuta yanasombwa, mbegu zinaenda na maji, na mche uliobaki umepigwa na matone mpaka umelala na umejaa matope. Ndo maana baada ya gharika fungu la mia mbili linakuwa la jero na limekonda. Jua kali nalo linaleta utitiri, majani yanakuwa na vidoa vyeupe, mnunuzi anakunja uso. Kuna mama mmoja namnunulia matembele, yeye anamwagilia kwa keni mbili mkono huku na mkono huku kutoka kwenye kisima alichochimba mwenyewe, na kisima chake kimeanza kuwa na maji ya chumvichumvi. Kasema mchicha unavumilia kidogo, bamia inavumilia, chainizi haitaki kabisa. Kaacha chainizi. Hakuna semina aliyohudhuria, ameonja tu maji.

Alafu kuna sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi, ambayo watu hawapendi kuiongelea kwa sababu unga ukiwa mweupe tunaona uko salama. Mahindi yakipigwa na ukame yakiwa shambani yanadhoofika, ukungu wa sumukuvu unaingia, na mvua isiyo na ratiba ikikuta mahindi yanakauka ndo kabisa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hii kitu. Chagua mahindi yako kabla ya kusagisha jamani, yaliyovunda ya kijani kijani usiseme nachanganya na mazuri.

Sasa isije ikaonekana nasema kila kitu ni tabianchi. Hapana, na kuna watu imekuwa kichaka cha kujifichia. Dalali anaenunua tenga Ilula kwa bei ya kutupwa na kuja kulishusha Dar kwa bei ya dhahabu hajatumwa na El Nino. Lumbesa, ule ujazo wa gunia wa kupitiliza, imepigwa marufuku mara ngapi, na bado gunia lina kilemba juu mkulima analipwa gunia moja. Dizeli ilipopaa 2022 nauli ya fuso ilipaa nayo. Na nyanya kuoza njiani ni barabara ya vumbi ya kutoka shambani mpaka lami, na kukosa sehemu ya baridi ya kuzihifadhi, mambo ambayo yangetengenezwa hata kama mvua ingekuwa ya zamani. Ila hapo ndo ubaya wa hii hali, inakuja kukaa juu ya matatizo uliyokuwa nayo. Mwenye pampu na kisima kirefu anauita ukame, mwenye jembe anauita njaa.

Umwagiliaji unasemwa sana na kweli bajeti ya kilimo ilipandishwa, kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 mpaka bilioni 954 mwaka uliofuata, sio hela ndogo. Nchi ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa na mpaka 2022 tulikuwa hatujafika hata milioni moja. Skimu kubwa za mpunga naziunga mkono. Wasiwasi wangu ni maji yenyewe, Mto Ruaha Mkuu tangu miaka ya tisini unakauka kila kiangazi kwa sababu kila mtu wa Usangu, bonde la juu yake, anachota, na Ruvu ile 2022 ilipopungua wakulima na wafugaji wa juu ndo walionyoshewa vidole ili sisi wa Dar tuoge. Ukiongeza mfereji bila kulinda chanzo unahamisha ukame tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Utabiri pia umeboreka, TMA, mamlaka ya hali ya hewa, siku hizi wanataja mpaka wiki ambayo mvua inategemewa kuanza, na mjomba anasikiliza redioni tofauti na zamani alivyokuwa anaangalia maua ya miti tu. Shida utabiri wa msimu unampa jumla, haumpi Jumanne. Anachofanya kwa akili yake ni kupunguza kamari, hapandi shamba lote siku moja tena, anapanda vipande kwa kupishanisha wiki mbili, kimoja kikidanganywa kingine kitapona. Na mbegu anataka ya muda mfupi, ile ndefu ya zamani hata kama ilikuwa na unga mtamu kaiweka pembeni.

Mi upande wangu wa jikoni nimejifunza kununua mchele kiroba kizima mwezi wa saba mzigo mpya unapoingia, Kyela ikiwepo Kyela, isipokuwepo Ifakara. Nyanya zikiwa tele Agosti nachemsha nyingi nazisaga naweka kwenye friza kwenye vifuko, umeme ukiwa na adabu zinafika mpaka masika. Nimeacha kubishana na mama genge kuhusu nyanya nne, yeye mwenyewe analipia zile zinazoozea kwenye tenga na faida yake nimeshaipigia hesabu, ni ya kutia huruma.

Mjomba kwa vuli inayokuja ameshaamua, robo tatu ya shamba ni mhogo wa mbegu ya Kiroba na kunde, maana Kiroba unavumilia jua na ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia hauutesi sana, mahindi anabakiza kipande cha kuchoma tu. Mke wake hajaafiki. Nilivyompigia juzi simu ikawa kwenye spika, nikamsikia kwa nyuma anasema ugali wa muhogo akaupike mwenyewe na aule mwenyewe, yeye unga wake utatoka dukani, na mjomba anajibu dukani kwa hela gani, hela si ndo hiyo mihogo. Nikaambiwa nitoe uamuzi mimi kama msomi. Nikasema salio linaisha.